Hesabu Niliyoikatiza

Nataka kuwaeleza jambo lililonipata darasani hapa Kibiti, maana huenda likamfaa mwingine aliyekabidhiwa watoto wa watu.

Katika sensa ya mwaka 2022 watu wa Tanzania walihesabiwa, wakaonekana kuwa 61,741,120. Niliiandika hesabu hiyo ubaoni, nikawaambia watoto waivunje mpaka zipatikane namba tasa zake, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Binti mmoja, ambaye babu yake zamani alikuwa akihesabu boriti za mikoko kule delta ya Rufiji, alisema mara moja kwamba inagawanyika kwa korija, yaani ishirini, asibaki hata mtu mmoja. Mwenziwe akaona kuwa inagawanyika pia kwa 64, idadi ya kete za bao, ikatoka 964,705. Hiyo tukaigawanya kwa 5, kisha kwa 7, tukabaki na 27,563.

Hapo nikajaribu 11, na 13, na kuendelea mpaka 31. Zote zilikataa. Nikasema, "Basi, hii ni tasa." Yule binti akasimama, akasema, "Samahani, Mwalimu, mimi bado najaribu." Nikamkemea mbele ya wenziwe, nikamwambia aketi, nikafuta ubao.

Usiku ule usingizi haukuja, kwa kuwa kanuni naijua. Mtu asiseme namba ni tasa mpaka amejaribu kila namba tasa ambayo, ikizidishwa kwa yenyewe, haiipiti ile anayoipima. Sasa, 163 mara 163 ni 26,569, na 167 mara 167 ni 27,889. Basi ilinipasa kufika 163, nami niliishia 31 kwa uvivu, nikauita uvivu wangu elimu. Nikawasha taa. Nikajaribu 37, ikakataa, 41, ikakataa, 43, ikakubali, ikatoka 641. Zilikuwa zimesalia hatua tatu tu.

Hiyo 641 ni tasa kweli, tena imepata kumsahihisha aliye mkubwa kuliko mimi. Pierre de Fermat, bingwa wa hesabu wa Ufaransa, aliamini kwamba 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641, ikatoka 6,700,417. Fermat alikuwa amekwisha kufa zamani, hakuweza kujirekebisha. Mimi nilikuwa hai, na shule ilifunguliwa asubuhi.

Nikasimama mbele ya wale wale waliosikia nikimkemea, nikamwomba binti radhi, nikaandika 43 ubaoni. Akanyamaza, kisha akafungua daftari lake. Ile 43 ilikuwamo, imeandikwa tangu jana.

"Nilifika, Mwalimu," akasema, "lakini uliniambia niketi."

Tangu siku ile, mtoto akisema bado anajaribu, mimi ndiye ninayeketi.