Dodoma: Vumbi likitulia, moshi huingia ndani

Septemba, upepo wa Dodoma huamka na vumbi. Kwenye barabara ya kuelekea Mtumba, malori ya mchanga yakipita, vilima vya mbele hupotea, na kina mama hufunika nyuso za watoto kwa khanga.

Mvua za kwanza, mara nyingi Desemba, huosha hewa. Lakini mvua hiyohiyo huhamisha jiko la mkaa kutoka uani hadi chumbani, karibu na mtoto aliyelala. Vumbi huonekana, hewa yenye sumu ya mkaa haionekani wala haina harufu.

Mzazi, pikia barazani penye paa, wala usilale na jiko ndani. Mtoto akihema haraka, kifua kikibonyea, mpeleke kituo cha afya mara moja, iwe kiangazi au mvua.