Nusura nimuue paka wa mwanangu

Waliosema kwamba paka akiondoka panya hutawala bila shaka waliwahi kuishi mtaa kama wetu wa Mbotela. Nyumbani kwangu panya walikuwa wametawala kitambo. Walitoboa gunia la mahindi, wakala sabuni ya kufulia, na usiku mmoja wakaguguna daftari la hesabu la binti yangu aliye Gredi ya Tano.

Kwa hivyo jioni moja alipoingia akiwa amefumbata kitu ndani ya sweta ya shule, sikumkemea.

"Mama, nimepewa na mama wa samaki kule Burma. Anasema wako wanne na hawezi kuwalisha wote."

Nilifunua sweta nikaona masikio mawili makubwa na uso mdogo kuliko ngumi yangu. Manyoya ya kijivu yalikuwa yameshikamana kwa magamba ya samaki. Tumboni, viroboto walikuwa wakipishana kama matatu za Jogoo Road saa kumi na mbili jioni.

Msomaji, hapo ndipo nilipokosea. Mimi ni mpenda usafi, na wazo la viroboto hao kuhamia kwenye makochi lilinikosesha raha. Nikakumbuka kwamba kabatini kulikuwa na nusu pakiti ya unga wa viroboto, uliobaki siku tulipokuwa tukimtunzia kaka yangu mbwa wake. Pakiti ilikuwa na picha ya mbwa. Nikajiambia, kiroboto ni kiroboto. Nikampaka paka unga ule kuanzia shingoni hadi mkiani, nikamfunga kwa leso, nikaenda kusonga ugali nikiwa nimeridhika kabisa.

Saa nne za usiku binti yangu aliniita kwa sauti ambayo sijaisahau. Paka alikuwa akitetemeka mwili mzima. Masikio yalikuwa yakimchezacheza, mate yakimtoka, na kila alipojaribu kusimama miguu ilimkataa.

"Mama, umempaka nini?"

Sikuwa na jibu. Jirani alinipa nambari ya daktari wa mifugo, nikampigia. Aliniuliza swali moja tu: "Ni unga wa mbwa?" Kisha akaniamuru nimwoshe paka mara moja kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, nimkaushe, nimfunike apate joto, halafu nimpeleke kwake usiku uo huo. Tulikodi teksi. Alidungwa sindano ya kutuliza mitetemeko, akalazwa siku mbili. Pesa nilizolipa zingetosha kumlisha paka huyo kwa miezi kadhaa. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba rahisi huvunja upishi.

"Mama, paka si mbwa mdogo," daktari aliniambia tulipokwenda kumchukua. Alinieleza kwamba dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permetrini. Mbwa huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunjavunja upesi, hivyo humlemea na huweza kumuua. Akaongeza kuwa hata kidonge cha parasetamoli, ambacho wengi wetu humpa mgonjwa yeyote nyumbani, ni sumu kwa paka.

Tangu siku hiyo nimejifunza upya, na ningependa mwenzangu ajifunze bila kulipia karo niliyolipa mimi.

Tuanze na vifaa. Kitanda cha paka wetu, ambaye binti yangu alimwita Kijivu, ni katoni iliyokatwa mlango ubavuni, na ndani mna sweta kuukuu ya mtumba. Choo chake ni beseni fupi lenye mchanga mkavu tulioomba kwa mafundi wa mjengo. Paka ana desturi ya kufukia kinyesi chake. Mwonyeshe mahali mara mbili tatu, atakumbuka. Beseni likae mbali na chakula, na kinyesi kichotwe kila siku. Sababu ni kwamba vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kuwamo katika kinyesi cha paka, huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo, kwani ugonjwa huo huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Ongeza bakuli mbili, moja ya chakula na nyingine ya maji safi. Vitabu vya watoto humchora paka akilamba maziwa, lakini paka wengi huharisha wakinywa maziwa ya ng'ombe. Ugali mtupu nao haumfai. Paka ni mla nyama. Mwili wake unahitaji taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki, na akikikosa kwa muda mrefu huweza kupofuka na moyo wake kudhoofika. Mwenye uwezo anunue chakula cha dukani kilichotengenezewa paka wachanga. Sisi huongezea omena waliochemshwa bila chumvi, au vipande vya moyo wa ng'ombe kutoka Burma. Mabaki ya mchuzi usimpe, kwa kuwa vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu yake. Mifupa iliyopikwa pia ni hatari.

Kuhusu usafi, paka hujiosha mwenyewe kwa ulimi, na ni nadra kuhitaji kuogeshwa. Akichafuka sana, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, kisha umkaushe. Viroboto vya paka mchanga huondolewa kwa kitana, kile kile cha kutolea chawa. Mchane taratibu, hasa shingoni na karibu na mkia, na kila kiroboto kinachonaswa kizamishe katika bakuli la maji ya sabuni. Fua matandiko yake kwa maji moto kila wiki, maana mayai ya viroboto huangukia huko. Masikio yapanguse kwa nje tu. Usiingize njiti ya pamba ndani. Makucha akate mtu mzima, ncha tu, bila kugusa sehemu ya waridi yenye damu. Ili asikwaruze makochi, tulizungushia ubao kamba ya katani.

Jambo jingine ni kuondoa sumu ya panya nyumbani. Paka akila panya aliyelishwa sumu, huweza kumfuata kaburini.

Mwisho ni daktari. Kijivu amepewa dawa ya minyoo, na alipotimiza miezi mitatu alichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao licha ya jina lake huambukizwa na paka pia. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, kwa hivyo tumepanga afungwe uzazi mapema. Wanaotafuta ushauri wanaweza kwenda kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Kabete, au kwa shirika la KSPCA, Lang'ata Road.

Daftari la hesabu halijaguswa tena. Lakini baada ya usiku ule ilipita wiki nzima kabla binti yangu hajaniruhusu kumshika Kijivu. Siku hizi, Jumapili baada ya kanisa, huniletea kitana na paka, akakaa karibu kunitazama.

"Mama, soma kwanza pakiti," hunikumbusha kila nikishika dawa yoyote.

Nami husoma. Nisipoelewa, humpigia daktari. Kuuliza si ujinga.