Siku tatu kati ya mahekalu ya Angkor

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tutakuwa wageni kwa siku tatu katika nchi ya Kambodia, na pengine hakuna atakayetupa jembe. Lakini tumeona ya kwamba hata mgeni wa siku tatu ana kazi yake, nayo ni kujitayarisha. Asiyejitayarisha huenda mbali, akarudi na vumbi la viatu tu.

Kazi yetu itatufikisha Bangkok, mji mkuu wa Tailandi. Ikiisha, tutabakiwa na siku tatu kabla ya ndege ya kurudi. Basi jioni moja tuliketi mezani, tukafungua ramani, tukaulizana: tutaona nini? Mmoja wetu akajibu mara moja: Angkor. Mwingine akanung'unika: «Je, yafaa sisi wakristu tutoe fedha yetu ili kutazama nyumba za miungu ya watu wengine?» Swali hilo si la kudharauliwa. Tutalijibu kabla ya kumaliza. Kwanza tuwaeleze mahali penyewe.

Mji wa maji na mawe

Kaskazini ya ziwa kubwa la Tonle Sap, karibu na mji wa Siem Reap, palikuwa makao ya wafalme Wakhmer. Mwaka 802, juu ya mlima Kulen, Jayavarman wa Pili alijitangaza kuwa mfalme aliye juu ya wafalme wote. Tangu siku hizo, kwa muda wa miaka mia sita hivi, watu wake walijenga pasipo kuchoka.

Nguvu yao ilitoka wapi? Ilitoka katika maji na mpunga. Walichimba mifereji na mabwawa ya kuhifadhi mvua. Bwawa la magharibi peke yake lina urefu wa kilometa 8 na upana wa kilometa 2, na lilifanywa kwa mikono ya watu. Nyumba zao, hata za wafalme, zilikuwa za miti, nazo zimeoza zamani. Jiwe liliwekwa kwa ajili ya miungu tu. Ndiyo sababu leo mgeni huona mahekalu, haoni mji. Lakini mwaka 2012 wataalamu waliruka juu ya msitu na chombo cha kupima ardhi kwa miali ya nuru, wakaona chini ya majani alama za njia na za viwanja vya makao ya watu wengi.

Njia na gharama

Hapo kwanza tulifikiri kwenda kwa gari. Lakini mwaka 2025 majeshi ya Tailandi na ya Kambodia yalipigana mpakani, na vituo vya kuvukia vikafungwa. Tena, jambo la kusikitisha, sehemu ya ugomvi huo yahusu mahekalu ya kale yaliyo juu ya milima ya mpaka. Sisi watu wa Kongo ya mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya vita vya mpakani. Kwa hiyo tutakwenda kwa ndege, safari ya saa moja hivi, na tutauliza tena habari za usalama kabla ya kuondoka.

Mtu atokaye kwetu asisahau viza, wala kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Wakati mzuri ni kati ya mwezi wa Novemba na Februari: mvua imekwisha, na joto kali la Aprili halijafika. Tangu mwaka 2017 tiketi ya siku moja ni dola 37, na ya siku tatu ni dola 62. Hapo hesabu ni rahisi: atakaye kuona kwa utulivu achukue ya siku tatu. Avae nguo ifunikayo mabega na magoti, kwa sababu watu wangali wanasali mle. Wala asiache njia iliyokanyagwa ili kujitafutia porini, kwa kuwa vita vya zamani viliacha mabomu mengi katika ardhi ya nchi ile.

Siku ya kwanza: Angkor Wat

Hekalu hili lilijengwa na mfalme Suryavarman wa Pili katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, kwa heshima ya Vishnu, mungu wa Wahindu. Baadaye likawa la wafuasi wa Buddha, na ndivyo lilivyo hata leo. Limezungukwa na handaki la maji lenye upana wa meta 190. Minara yake mitano ni mfano wa mlima Meru, ambao kwao ni makao ya miungu, na mnara wa katikati wafikia meta 65.

Watu wengi hufika alfajiri ili kutazama jua likichomoza nyuma ya minara, kisha hurudi mjini kula. Shauri letu ni kuingia wakati wao wanapotoka. Hapo kumbi zitakuwa kimya, nasi tutafuata kuta zilizochongwa kwa mamia ya meta: vita vya wafalme, miungu na mashetani wakivuta joka ili kuisukasuka bahari ya maziwa, tena ukuta wa hukumu ya wafu, wema wakipanda juu, waovu wakiburutwa chini. Mkristu akisimama mbele ya ukuta ule atajua ya kuwa watu wale nao waliogopa kufa na dhambi zao.

Siku ya pili: Angkor Thom

Mwaka 1177 Wacham walikuja kwa vita, wakauteka mji. Jayavarman wa Saba akawafukuza, akatawazwa mwaka 1181, akajenga Angkor Thom, mji wenye ukuta wa kilometa 3 kila upande. Katikati lipo hekalu la Bayon, ambalo minara yake ina nyuso kubwa za mawe zinazotabasamu. Lakini sisi twataka zaidi kutazama kuta za chini, maana pale wamechongwa watu wa kawaida: wanawake sokoni, wavuvi, wapishi, watu wakipiganisha majogoo. Ni kama kuona soko letu la kijijini katika jiwe. Mfalme huyu alijenga pia Ta Prohm, kwa ukumbusho wa mama yake. Jiwe la maandiko la mwaka 1186 lasema ya kwamba kulikuwa na nyumba 102 za kutunzia wagonjwa katika nchi yake. Leo mizizi ya miti imezikumbatia kuta za Ta Prohm, ikizibomoa na kuzishika kwa wakati mmoja.

Karibu na Bayon lipo hekalu la Baphuon. Tunawaomba wanafunzi wasome habari zake kwa uangalifu. Lilikuwa linaanguka, basi, kuanzia mwaka 1960, mafundi walilifungua jiwe kwa jiwe, mawe yapata 300,000, wakayapanga msituni na kuandika katika karatasi mahali pa kila moja. Kisha vita vikaja. Mwaka 1975 Khmer Rouge walishika utawala, na karatasi zote zikaharibiwa. Palibaki mawe yaliyotawanyika, pasipo mtu wa kueleza lipi likae wapi. Mwaka 1995 kazi ilianza tena: kupima, kulinganisha, kujaribu, kukosea, kurudia. Ilimalizika mwaka 2011. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku ya tatu: Banteay Srei na Misa

Siku ya tatu itakuwa Dominika. Mara tufikapo Siem Reap tutauliza saa ya Misa, na mengine yatapangwa kuizunguka. Baada yake twataka kwenda Banteay Srei, hekalu dogo la jiwe jekundu lililowekwa wakfu mwaka 967. Nakshi zake ni nyembamba kama za mchonga miti. Mwaka 1923 kijana Mfaransa, André Malraux, alikata sanamu zake ili aziuze, akakamatwa. Kijana huyo baadaye alikuwa waziri wa utamaduni wa Ufaransa! Sanamu zilirudishwa mahali pake.

Jibu la swali letu

Sasa turudi kwa ndugu yetu aliyenung'unika. Kwanza, si sisi wakristu wa kwanza kwenda huko. Mwaka 1586 Mkapuchini Mreno, António da Madalena, alitembelea Angkor, akawasimulia wenzake kwa mshangao. Mwaka 1850 alifika padri mmisionari Mfaransa, Charles-Émile Bouillevaux, miaka kumi kabla ya Henri Mouhot, ambaye watu wengi humpa sifa ya kuuvumbua mji ule. Wakhmer wenyewe, kwa kweli, hawakuusahau kamwe. Tena Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitufundisha ya kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini nyingine. Hatuendi kuabudu. Twaenda kuheshimu kazi ya wanadamu, ambao akili na mikono yao ilitoka kwa Mungu.

Pili, Wakhmer wenyewe watatupa fundisho. Tarehe 14 Aprili 1975, siku tatu kabla Phnom Penh haijaanguka, padri Joseph Chhmar Salas aliwekwa wakfu kuwa askofu, wa kwanza wa kabila la Wakhmer. Angaliweza kubaki Ufaransa, alikokuwa akisoma, aliitwa, akarudi. Alifukuzwa mjini pamoja na umati wote, akatiwa katika kazi ya mashamba, akafa mwaka 1977 kwa njaa na uchovu. Kanisa kuu lilibomolewa. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walikufa katika miaka ile minne. Waamini wachache waliobaki walikuwa kama mawe ya Baphuon: wametawanyika, karatasi zimepotea. Lakini kwenye Pasaka ya mwaka 1990 walikusanyika tena hadharani katika Phnom Penh, wakaimba Aleluya.

Ndugu yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi tuanze na Misa, tumalize na mawe.» Ndivyo tulivyoandika katika daftari letu kwa siku ya tatu.

Angkor iliandikwa mwaka 1992 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, ikatolewa hatarini mwaka 2004. Mbuga yetu ya Virunga imo katika orodha hiyohiyo tangu mwaka 1994. Wasomaji wapenzi, wengi wenu hamtafika Angkor, wala si lazima. Lakini kila mmoja ana jiwe lake la kurudisha mahali pake, nyumbani, shuleni, kijijini. Mtuombee safari njema, nasi tutawaombea ninyi katika Misa ile ya Siem Reap.