Neno «Chasse-neige» na Kosa Langu

Afundishaye Kifaransa hapa Kisangani, karibu kabisa na ikweta, hana budi kueleza vitu ambavyo macho yake hayajaviona. Siku moja, katika somo la kusoma, tulilifikia neno chasse-neige. Neige haikuwa taabu: ni theluji, na kila mtoto aliyesikia Zaburi ya 51 kanisani ajua kwamba ni nyeupe sana. Lakini chasse-neige?

Mvulana mmoja, mwana wa mwindaji wa upande wa Bafwasende, aliinua mkono: «Mwalimu, ni mtu awindaye theluji.» Darasa zima likacheka. Nami nilicheka pamoja nao, kisha nikasema kwa sauti ya mjuzi kwamba ni sepetu ya kuzolea theluji mlangoni. Sikuwa na hakika hata kidogo, ila niliona haya kusema «sijui» mbele ya watoto arobaini.

Jioni nikafungua kamusi. Ole wangu! Sepetu hiyo huitwa pelle à neige. Chasse-neige ni bamba kubwa la chuma lililofungwa mbele ya gari au treni, likiisukuma theluji kando ili njia ipitike. Kitenzi chasser kina maana mbili, kuwinda na kufukuza. Mtoto alipotea kwa kulifuata neno lenyewe, mimi nilipotea kwa kubuni. Tena kamusi ilisema kwamba neno hilo ni jina la upepo mkali pia, upepo uikimbizao theluji mbele yake kama mbwa akimbizavyo paa. Kumbe kijana yule alikuwa karibu kuliko mimi!

Usiku ule sala zangu zilikuwa nzito. Asubuhi nikakiri mbele ya darasa kwamba nilisema nisilolijua, nikamwomba yule mvulana radhi kwa kicheko changu. Aliinamisha kichwa, asijibu neno.

Ndipo nikawaeleza upya. Reli ya kutoka hapa hadi Ubundu, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Na mbele ya magurudumu ya garimoshi huwekwa chuma cha kuondoa mawe relini, kiitwacho chasse-pierres. Hicho ni ndugu yake chasse-neige. Tena wote wameiona greda ikikwangua barabara na kuacha tuta la udongo kando. Wakaelewa mara moja. Tukatafuta jina la Kiswahili, kwa mfano wa kizimamoto na kipimajoto, wengi wakapenda kisukumatheluji. (Mimi ningalichagua kifukuzatheluji, lakini nilikuwa nimekwisha kusema mno.)

Siku nne mvulana yule hakuinua mkono. Siku ya tano akauinua.

«Mwalimu, wasema juu ya Ruwenzori kuna theluji. Nani huifukuza kule?»

«Kule hakuna njia ya magari, mwanangu. Joto tu ndilo liifukuzalo, nayo yazidi kupungua mwaka hata mwaka.»

«Basi si joto ndilo chasse-neige?»

Safari hii hakuna aliyecheka. Nikaliandika jibu lake ubaoni.