Ute wa Njano Unaotembea

Mvua hizi zinatuletea uyoga, na pamoja na uyoga zinaleta kitu kingine ambacho wengi wanakiogopa: ute wa njano juu ya kisiki kilichooza. Jioni unauona chini, kama uji uliomwagika. Asubuhi umepanda juu, mpana kama sahani. Hauna miguu, lakini umehama.

Mwezi uliopita ulitokea karibu na mlango wa jirani yangu, mama mzee mjane. Kabla ya saa tatu watu walikuwa wanasema ametapika uchawi usiku. Mnajua neno la namna hiyo linaweza kumfikisha mjane wapi. Nilimwita nyumbakumi, tukachuchumaa mbele ya kisiki, watu wote wakitazama.

Wataalamu wanauita Fuligo septica. Si uyoga, si mnyama, si mmea. Ni chembe hai moja tu, iliyokua mpaka ikaonekana kwa macho. Inakula bakteria za kwenye mti unaooza, na inatambaa polepole sana hata ukikaza macho huoni mwendo wake. Niliwaambia wangoje. Baada ya siku mbili ute ulikuwa umekauka, umekuwa ganda jepesi. Nyumbakumi alilivunja kwa kijiti, likatoa vumbi jeusi. Vumbi hilo ndilo mbegu zake. Wale waliopiga kelele zaidi ndio walioinama karibu zaidi! Na si sisi tu: zamani Waholanzi nao waliuita siagi ya wachawi.

Una ndugu zake. Kuna vishanga vya waridi, ukubwa wa njegere, ambavyo vikiwa vichanga ukivibonyeza vinatoa uji kama dawa ya meno. Kuna vingine kama nywele za kahawia zilizosimama pamoja. Uyoga ukiupasua una nyama ndani. Hivi vinatoa uji au vumbi. Visiingie kwenye sufuria. Mtoto mwenye pumu asicheze na lile vumbi.

Wakitaka kuvitazama, watoto wasiingie ndani ya Virunga, hasa siku hizi. Migomba iliyooza nyuma ya nyumba inatosha. Wachomeke kijiti pembeni ya ute jioni, asubuhi wapime umesogea vidole vingapi.