Mlalamikaji na Mpotevu

Ipo dhana iliyokita mizizi kwamba tarakilishi ni uwanja wa wanahisabati, na kwamba msomi wa lugha hana la kuchangia humo. Mkasa wa seva moja ya chama cha wanafunzi unaitia dhana hiyo dosari.

Seva hiyo ilihifadhi mashairi na insha za wanachama, nyingi zikiwa hazina nakala kwingineko. Iliendeshwa kwa Apache, programu iliyoanza kutumika mwaka 1995. Apache haibebi kila kazi peke yake. Hupakia moduli, yaani vipande vya programu vyenye wajibu mahususi. Hapa moduli ya PHP ndiyo iliyozifasiri kurasa za tovuti. Siku mfumo endeshi uliposasishwa, seva ilikataa kuwaka. Ilidai kwamba moduli hiyo haikuweza kupakiwa, kwa kuwa faili haikuwepo.

Kijana aliyekabidhiwa seva alipekua folda ya moduli, akaiona faili. Akainakili upya, wapi! Alipokuwa akijiandaa kufuta kila kitu aanze upya, mwenzake wa isimu, asiyejua programu hata chembe, aliomba asomewe ujumbe wote, neno kwa neno. Ndipo ilipobainika kwamba ulitaja majina mawili. La kwanza lilikuwa la moduli. La pili, mbele yake, lilikuwa la maktaba ya msimbo ambayo moduli huitegemea. Mlalamikaji alikuwepo; mpotevu alikuwa mwingine. Maktaba hiyo iliposakinishwa, seva iliwaka, na hakuna shairi lililopotea.

Si kila moduli hugoma kwa sababu hiyo. Iliyoundwa kwa Apache 2.2, mathalani, haikubaliki katika Apache 2.4, iliyotolewa mwaka 2012, hadi iundwe upya. Huo ni mfano wa kuvunjika kwa upatanisho wa kisarufi: neno lenyewe ni sahihi, ila limechukua kiambishi cha ngeli nyingine.

Kuna wanaopendekeza njia ya mkato: kuubatilisha mstari unaoiita moduli ili seva inyamaze. Naam, seva inaweza kuwaka. Hata hivyo, bila mfasiri wake, kurasa za PHP huenda zikatumwa kwa wageni zikiwa msimbo mtupu, pengine pamoja na nywila ya hifadhidata. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa mficha kosa huanika uchi wake sokoni.

Kwa hivyo, stadi ya kusoma matini kwa makini haikomei kwenye riwaya na diwani. Ujumbe wa hitilafu nao ni matini: una msemaji, una muktadha, na aghalabu kiini chake hukaa mwishoni mwa sentensi, pale ambapo msomaji mwenye pupa hafiki.