Safari Yetu ya Thimlich Ohinga

Msomaji wangu, kila nyumba yenye watoto ina kalenda mbili. Ya kwanza hutundikwa ukutani, nayo ni moja kwa watu wote. Ya pili haikupigwa chapa na mtu. Imo katika meno yanayoota, hatua zinazopigwa, na nguo zinazokuwa fupi kabla hazijachakaa. Aliyeikosa siku katika kalenda ya kwanza huweza kuingoja siku kama hiyo mwaka ujao. Aliyeikosa siku katika kalenda ya pili ameikosa kabisa. Mimi nalijifunza jambo hili kwa kuchelewa, na napenda nikusimulie nilivyojifunza, ili wewe usichelewe kama mimi.

Kwetu, katika nchi iliyo kando ya Ziwa Viktoria, mwaka hugawanywa kwa mvua. Mvua kubwa zinazoanza yapata mwezi wa Machi Wajaluo huziita chwiri. Mvua ndogo za nusu ya mwisho ya mwaka huitwa opon, na kiangazi huitwa oro. Binti yetu alizaliwa Homa Bay katika chwiri, usiku ambao mvua ilipiga mabati hata wauguzi walisemeshana kwa sauti kubwa. Mtoto wa kike aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Akoth, nasi tulimpa jina hilo.

Mke wangu alikuwa mwalimu Homa Bay, na kazi yangu mimi ilikuwa Migori. Umbali wa miji hii miwili si mkubwa. Matatu hupitia Rongo, na mtu aliyeondoka baada ya chakula cha mchana hufika kabla ya jua kutua. Lakini umbali haupimwi kwa maili peke yake. Hupimwa pia kwa nauli, kwa uchovu, na kwa visingizio. Nami nalikuwa na akiba kubwa ya visingizio. Nalisema kwamba kazi ni nyingi, kwamba nauli ya kila juma ingetosha kununua maziwa ya mtoto, na kwamba fedha nizipelekazo zinafanya kazi yangu nyumbani. Basi nikaja mwisho wa mwezi tu.

Jino la kwanza la Akoth lilitokea katika opon. Nalipata habari zake kwa simu. Kabla hajatimiza mwaka, katika oro, alisimama peke yake akatembea kutoka kitini mpaka mlangoni. Habari hizo pia nalizipata kwa simu. Nikacheka kwa furaha, kisha nikarudi kwenye daftari zangu. Neno lake la kwanza sikulisikia. Siku alipoanza kwenda shule ya watoto wadogo, nalitazama picha yake nikaona kwamba sare ilikuwa kubwa mno, mikono yake haionekani. Nalidhani kuwa kupata habari ni sawa na kuwapo.

Alipotimiza miaka minne, nalifika nyumbani mwisho wa mwezi mmoja, nimechukua mkate, sukari na nyama. Akoth alikuwa akicheza uani pamoja na watoto wa jirani. Aliniona, akakimbilia ndani, nami nalimsikia akisema kwa furaha, "Mama, wendo obiro," yaani, mgeni amekuja.

Mke wangu alicheka kidogo, akamwambia kwamba huyo ni baba. Mtoto akajibu kwamba anajua ni baba. Kisha akaeleza, kwa subira ya mtu anayemfundisha mwingine, kwamba mama hutoa vikombe vizuri kabatini wageni wanapokuja, na kila baba anapokuja vikombe hivyo hutolewa. Hoja yake haikuwa na kasoro. Nalikunywa chai yangu katika kikombe kizuri, na sijapata kunywa chai chungu kama ile.

Mwezi wa Novemba wa mwaka huo, rafiki yangu mmoja aishiye Marekani alituletea picha za jamaa yake. Walikuwa wamekwenda kutembea Chichén Itzá, katika nchi ya Mexico, kutazama magofu ya mji wa Wamaya. Nyuma yao lilionekana piramidi lenye ngazi pande zote nne. Kila upande una vidaraja 91, na ukiongeza kidaraja cha juu kabisa, jumla yake ni 365, hesabu ya siku za mwaka. Katika Machi na Septemba, siku ambazo mchana na usiku hulingana, kivuli cha jua la alasiri huteremka kando ya ngazi za kaskazini mfano wa nyoka. Wamaya wenyewe hawakutoweka. Mamilioni ya wajukuu wao wangali wakiishi Mexico na Guatemala na nchi za jirani, na wengi wao husema lugha za babu zao.

Nalimweleza mke wangu mambo hayo yote kama mwalimu. Yeye hakuwa akitazama piramidi. Alikuwa akiwatazama watu waliosimama mbele yake: baba, mama na watoto wawili, wameshikana mikono.

"Baba Akoth," akasema, "hawa wamevuka dunia pamoja. Sisi hatujapata hata kuvuka Ndhiwa pamoja."

Sikuwa na la kujibu. Nauli ya Mexico hatukuwa nayo, wala hatukuitamani. Lakini nalikumbuka kwamba karibu nasi, katika upande wa Migori, yapata kilomita 60 kutoka Homa Bay, yako magofu yaliyoandikwa mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, orodha ile ile yenye jina la Chichén Itzá. Watu husafiri kutoka mbali kuja kuyaona, na mimi niliyefanya kazi katika kaunti ile sikupata kuyakanyaga. Tulikubaliana kwenda shule zitakapofungwa.

Basi siku moja ya Desemba tulikodi gari, tukatoka Homa Bay alfajiri, mlima wa Asego ukiwa nyuma yetu. Tulipita Rodi Kopany, tukapita Ndhiwa na mashamba yake ya miwa, kisha barabara ikawa ya vumbi na mawe. Akoth alikaa katikati yetu. Kila baada ya kitambo kidogo aliugusa mkono wa mama yake, kisha akaugusa wangu, kama mtu anayehesabu mizigo yake asije akaisahau.

Jina la Thimlich Ohinga ni la Kijaluo. Thimlich ni msitu mkubwa wa kutisha, na ohinga ni boma. Mahali penyewe ni juu ya kilima, penye vichaka na miti ya bondo, ambayo matawi yake husimama kama mishumaa na utomvu wake ni mweupe. Katikati ya miti hiyo ndipo ziliposimama kuta. Ziko boma kubwa nne, nazo huitwa Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Kochieng, ndilo kubwa kupita yote, maana yake ni kwa Ochieng. Tazama, msomaji, jinsi watu walivyoliita boma la mawe mengi kiasi kile: hawakuliita kwa ukubwa wake, waliliita kwa jina la mtu aliyeishi ndani yake.

Kuta zile zilianza kujengwa yamkini katika karne ya 16. Pengine kimo chake hupita mita 4, na unene wake ni mita moja au zaidi. Ajabu yake ni kwamba hapana chokaa, wala saruji, wala udongo uliotiwa kuyashika mawe, na mawe yenyewe hayakuchongwa. Mzee aliyetuongoza alituonyesha siri yake. Ukuta ni safu tatu: safu ya nje na safu ya ndani ni za mawe makubwa, na katikati yake pamejazwa mawe madogo madogo. Mawe makubwa huonekana na kusifiwa. Madogo hayaonekani, lakini ndiyo yanayoyafunga makubwa yasiteleze.

Katika nchi hii ya kusini mwa Nyanza zimehesabiwa kuta za namna hiyo zaidi ya 500, katika mahali zaidi ya 130. Haukuwa mji wa mfalme mmoja. Ulikuwa ustadi wa watu wa kawaida, wenye ng'ombe na watoto, waliotaka kulala salama. Na wenyeji wake hawakuwa watu wa kabila moja. Waliishi watu wa asili ya Kibantu na watu wa asili ya Kiniloti, kundi baada ya kundi. Waliokuja waliukuta ukuta, wakarekebisha palipolegea, wakakaa. Hata leo mizizi ya miti huusukuma na mifugo huparamia juu yake, na pasipotengenezwa mapema huporomoka. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naamini mhenga huyo alipata kuishi katika nyumba ya mawe.

Tulifika kwenye lango la Kochieng. Lango ni jembamba na fupi, na juu yake yamelazwa mawe marefu. Lilifanywa hivyo kwa makusudi, ili adui ajaye aingie akiwa ameinama, na walinzi waliosimama ndani wamwone yeye kabla yeye hajawaona. Mzee aliinama akapita. Mke wangu aliinama akapita. Mimi, niliye mrefu, nalilazimika kukunja magoti na mgongo. Akoth alipita wima, mikono nyuma, kama mwenye mji. Akageuka kunitazama nilivyoinama, akacheka mpaka akakaa chini.

Ndani tulionyeshwa mahali zilipokuwa nyumba, na mahali ng'ombe walipolala, na jiwe lililochimbwa vishimo vya bao. Akoth alitia vikokoto katika vishimo vile, akauliza ni watoto gani waliocheza hapo. Mzee akamwambia ni watoto wa zamani. Mtoto akauliza walilala wapi, akaonyeshwa. Akauliza mama yao alilala wapi, akaonyeshwa. Kisha akanitazama mimi, si mzee, akauliza, "Na baba yao, alilala ndani?"

Mzee alijibu kwa upole kwamba naam, alilala ndani, ndiyo sababu ya ukuta. Hakujua kwamba amenihukumu. Mke wangu aligeuka akatazama miti ya bondo. Mimi nalijitia kusoma kibao, lakini sikuona hata herufi moja.

Tulipokuwa tukitoka, Akoth alikuwa na kijiwe mkononi, kipande kidogo alichokiokota chini ya ukuta, akitaka kwenda nacho nyumbani. Mzee akamwomba akirudishe alipokitoa. Alisema kwamba wageni ni wengi, na kama kila mmoja angechukua kimoja, ukuta ungekwenda. Mtoto alifikiri, akarudi mbio, akakiweka pale pale, akakipapasa ili kikae vizuri.

Njiani kurudi alilala, kichwa mapajani mwa mama yake na miguu juu ya mapaja yangu. Nalikuwa na saa mbili za kufikiri. Nyumba yangu niliijenga kwa mawe makubwa tu: karo, kodi, bima, akiba ya kiwanja. Hayo yote ni ya lazima, na asiyeyatimiza asijisifu. Lakini katikati sikujaza kitu. Jino, hatua, neno la kwanza, kumfunga kiatu, kumsikiliza akisimulia ndoto, haya ndiyo mawe madogo, nami nalikuwa nimeyaacha chini yametawanyika. Ufa ulikuwapo, na mtoto wa miaka minne ndiye aliyeuona, alipohesabu vikombe.

Juma lililofuata niliandika ombi la kuhamishiwa Homa Bay. Sitakudanganya, msomaji, kwamba mambo yalikwenda kama katika hadithi. Ombi langu halijajibiwa mpaka leo. Lakini tangu siku ile nimeacha kungoja mwisho wa mwezi. Kila Ijumaa jioni hupanda matatu, hupitia Rongo, hufika Homa Bay nimechoka, nami hurudi Migori Jumatatu kabla ya alfajiri. Nauli ni kubwa, na akiba ya kiwanja inakua polepole kuliko nilivyopanga. Mke wangu alivirudisha vikombe vizuri kabatini bila ya kusema neno, nami hunywa chai katika kikombe cha bati kilichopasuka rangi.

Chwiri iliyopita Akoth alitimiza miaka sita, na jino lake la mbele likaanza kucheza. Ilikuwa Jumanne. Mama yake alitaka kuling'oa, akakataa. Bibi yake alimbembeleza kwa peremende, akakataa. Alikula ugali kwa upande mmoja wa kinywa siku tatu. Ijumaa usiku, mvua ikipiga mabati, nalifika nimelowa. Alinipokea mlangoni, kinywa wazi, akaukamata mkono wangu akauweka kwenye jino. Nalivuta kidogo tu. Lilikuwa jepesi kama punje ya mchele, nami nalilishika kiganjani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajiwa.

Nawe, msomaji kijana, huenda baba yako au mama yako afanya kazi mbali, nawe wahesabu siku. Usimhukumu kwa haraka, maana mkate una njia nyingi na baadhi yake ni ndefu. Lakini siku moja utakuwa na nyumba yako mwenyewe. Ukipata nafasi, nenda Thimlich Ohinga, uiname kwenye lango la Kochieng, utazame ukuta ule uliosimama karne nyingi bila chokaa. Utazame mawe makubwa, kisha uyatafute madogo.